Usifungue Nduwa Ikiwa Nusu

Mjukuu wangu Anjela,

Anaandika jirani yetu Mama Lucy, nasema mimi. Anataka nilainishe maneno, nimemkatalia.

Shangazi yako huko Njoro ameniambia umefeli baiolojia na hutaki kurudia mtihani. Eti akili yako ni ya kuuza vitumbua tu. Vitumbua havina ubaya. Ubaya ni uongo, na huo ni uongo.

Unakumbuka nilipovunjika mguu, ukaja huku Mwika kuniuguza? Ulikuwa unasoma kwa sauti jikoni huku unamenya ndizi za mtori. Nikakuuliza, "Hiyo ATP ndiyo nini, ugonjwa?" Ukacheka mpaka kisu kikakudondoka. Ukaweka punje mbili za maharage kwenye ungo, ukaongeza ya tatu. "Bibi, seli ikibandika fosfeti ya tatu kwenye ADP, inapata ATP. Ndiyo nguvu yake ya kufanyia kazi. Na njia za kubandika ni tatu."

Ya kwanza ukanionyesha kwenye pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi. Hamira mle ndani haina hewa, inavunja sukari ya ndizi, na kipande cha sukari kinaipa ADP fosfeti yake mkono kwa mkono. Inatosha kuishi, lakini ni nguvu kidogo.

Ya pili ilinishinda, mpaka siku nilipokutuma ufungue nduwa, bwawa letu la kumwagilia, kabla halijajaa. Haraka yangu tu. Maji yakaishia kwenye migomba ya juu, maharage ya chini hayakuona tone. Nikakugombeza wewe. Ukanijibu taratibu, "Shikamoo Bibi, lakini kosa ni lako. Hata seli inajaza kwanza." Ukasema elektroni za chakula zinateremka hatua kwa hatua mpaka kwenye oksijeni, na nguvu inayotoka humo inasukuma protoni upande mmoja wa utando, zinajazana. Zikirudi, zinazungusha kitu kama gurudumu, nalo ndilo linabandika fosfeti. ATP nyingi inatoka hapo.

Ya tatu iko kwenye jani la mgomba. Mambo ni ya nduwa vilevile, ila anayeijaza ni jua.

Jana Mama Lucy kaniuliza kwa nini tunapumua. Nikamweleza mpaka kwenye oksijeni, mimi ambaye sikukanyaga darasa hata siku moja. Sasa niambie, asiyejua anaweza kumfundisha kikongwe kama mimi akaelewa?

Hukufeli kwa ujinga. Wenzako walikuwa wanasoma, wewe ulikuwa unanibeba kwenda chooni. Uliingia kwenye mtihani nduwa ikiwa nusu, na aliyekumalizia maji ni mimi na mguu wangu. Nilipaswa kukwambia hivi siku matokeo yalipotoka. Niliona aibu, nikanyamaza. Nisamehe.

Mguu umepona. Natembea na fimbo mpaka kwenye mfereji, na ukoko wa sufuria nakwangua mwenyewe. Kwa hiyo kajiandikishe, kisha panda huku usome. Kigoda chako kiko palepale jikoni, na anayetaka kukutuma aanze kwangu.

Zamu yetu ya maji ni Jumanne. Nitakaa ukingoni na fimbo yangu, na safari hii sifungui mpaka ijae.

Bibi yako wa Mwika,
mwanafunzi wako wa kwanza