Nyumba Iliyobaki Nje ya Mstari

Rosettenville, Johannesburg
Juni 2017

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inasemaje siku hizi? Na Rehema, bado anaukataa uji wako? Mimi mwili mzima na cherehani inakwenda, ila roho haijatulia. Barua hii nimempa wifi Mwanaidi aiweke mkononi mwako, maana haya si ya kusema kwenye simu. Utaona kwa nini.

Unakumbuka nilivyofurahi kupata chumba kikubwa huku, nikasema sasa nitamleta mwanangu Rehema. Nyumba ina vyumba vinane, na wapangaji wengine wote ni wanaume, wapole kupita kiasi. Hawapigi redio. Ukipita koridoni unasikia milango ikifungwa mmoja mmoja, taratibu. Nilimshukuru Mungu kwa utulivu ule, mjinga mimi.

Aliyenifumbua macho ni Mama Chantal, Mkongo anayesuka nywele jirani na ninaposhonea. Yeye ni katibu wa kamati ya mtaa. Kamati imejiwekea sheria: mtu aliyewahi kufungwa kwa kunajisi watoto asikae karibu na shule, wala chekechea, wala uwanja wa michezo, wala nyumba moja na mtoto. Walipita na kamba wakipima, wakachora mistari kwenye ramani. Ikabaki nyumba moja tu nje ya mistari yote, nayo ni yetu. Basi waliofukuzwa kwingine wakahamia kwetu, na mwenye nyumba hakuuliza kitu.

"Ulete mutoto, dada," Mama Chantal aliniambia. "Mutoto akiingia mu ile nyumba, sheria itabagusa. Batatoka bote."

Kesho yake kamati wakaniletea kitanda kidogo, kimetandikwa shuka la pinki. Nilikasirika, mama. Wanataka mwanangu ndiye awe kamba yao. Lakini nisikufiche, nilikaa nikakitazama kile kitanda, nikafikiria. Miaka mitatu sijamshika.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani naanika nguo. Akaja mpangaji wa chumba cha pili, mtu mzima wa kofia, ambaye siku zote tunasalimiana kwa Kiingereza. Akaokota vibanio vyangu vilivyoanguka, akanishikia. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili safi cha kwetu, "Rehema jino limeshaota?"

Mama, ukuta wetu ni wa mbao. Mwaka mzima nimeongea nanyi kwenye simu kwa sauti, kwa sababu huku tumezoea hivyo, la siri unalisema kwa Kiswahili na hakuna anayekuelewa. Yeye alikuwa anasikiliza. Anamjua mwalimu wa Rehema kwa jina. Anajua ni nyumba ya pili nyuma ya msikiti, kwa vile nilimwelekeza kwa simu yule aliyewaletea mzigo.

"Mie mtu wa Pangani, dada," akasema. "Karatasi zangu zimekamilika, mwezi ujao narudi. Una salamu nikupelekee?"

Nikamwambia sina.

"Hata za mtoto?"

Nguo nyingine niliziacha kwenye beseni. Siku ileile nikahamia kwa kaka, na kile kitanda sikukigusa. Naogopa, mama, naogopa sana. Huku angalau kuna watu waliopima. Huko kwetu nani atampimia? Mtu akisema ametoka Sauzi na salamu za mwanao, wewe unamvutia kiti na kumtilia chai, nakujua. Mpeleke Rehema kwa mjomba Korogwe ukimaliza tu kusoma, na mwalimu mwambie ukweli.

Nisalimie shangazi msusi wa mikeka, na babu wa duka la mafuta ya taa, na binti wa jirani anayemsuka Rehema. Rehema mwambie mama yake anampenda. Salamu zangu ni hizi tu, na wa kuzileta ni wifi peke yake. Akija mwanamume na nyingine, hata kama anawajua wote kwa majina, mimi sijamtuma.

Mwanao,
Saumu