Paa Lililoota Vitunguu Swaumu

Mama yangu,

Nianze kwa shikamoo, ingawa sijui siku hizi marahaba yako inapita njia gani kunifikia. Huku Bashay tu wazima, mvua imeanza, na paa la nyumba yako limeota vitunguu swaumu. Usicheke kwanza. Nitakueleza yote, na nikimaliza natamani wewe ndiye ungenieleza mimi, maana nimechanganyikiwa na sijapata mtu wa kunisaidia kuelewa.

Baada ya kukuzika, ile kona ya upande wa mlimani iliingia ndani, boriti mbili zikavunjika. Daniel akaja kutoka Katesh na mwalimu mwenzake, wakapima kwa kamba, akasema tushushe udongo wote tupaue bati kama watu wengine. Nilikataa. Nilimsema mdogo wangu vibaya mbele ya mgeni wake. Nilimwambia tembe limebaki hili moja tu kwenye mteremko wetu wote, na nyumba ya mama itarudi kama ilivyokuwa: boriti za mlimani, fito, nyasi, samadi, na udongo juu yake. Daniel akakunja kamba yake, nami nikajiona nimeshinda.

Wiki hiyohiyo tulipotoa vitu chumbani, tukakuta mabati yako kumi na mawili chini ya kile kitanda kirefu cha miti. Yalikuwa yamefunikwa ngozi ya ng'ombe, na misumari yake iko kwenye kopo la maziwa. Hayajaguswa hata moja. Miaka yote mimi nilidhani ulimpa Daniel alipojenga kwake. Daniel alidhani ulinipa mimi. Tulisimama pale tukitazamana, na ule ushindi wangu ukaishia hapo.

Nakumbuka tulivyoyabeba. Ni ile miaka biashara ilipofunguliwa, bati halihitaji tena kibali wala kumjua mtu, unalikuta limeegemezwa ukutani dukani pale Mbulu mjini. Kila ukiuza vitunguu swaumu tulirudi na moja au mawili kichwani, wewe mbele, mimi nyuma. Siku moja pale kileleni upepo ulilikamata lako, likakugeuza mzima mzima ukawa unaelekea tulikotoka. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani. "Bati lenyewe halitaki kwenda kwangu," ukasema. Nilidhani ni utani tu. Siku hizi nachambua maharage huku nalirudia neno hilo.

Hapa ndipo ninapokwama, mama. Paa la udongo ulilitukana kila masika. Ulikuwa unaweka sufuria kubwa chini ya lile tone la karibu na mafiga, unashika kiuno, unasema, "Paa hili litanizika." Nami nakujibu, "Basi tuweke bati, mama." Nawe unasema, "Usiyaguse." Nikiuliza kwa nini, unasema, "Tukishavuna." Tulivuna mara ngapi?

Halafu mvua ikikatika unapanda juu, kandambili mkononi, unakanyaga nyufa taratibu kutoka ukingo hadi ukingo, ukisalimiana na kila anayepita njia ya mnadani. Ulikuwa unapenda kusimama kule? Au ulimwonea haya baba, aliyezikata zile boriti kwa shoka lake mwenyewe? Au ni ile Jumapili mvua ilipopiga bati la kanisa mpaka padri akakatisha mahubiri, ukaapa moyoni hutalala chini ya kelele ile? Nimejaribu kila jibu na kila moja linakufaa kidogo. Nimekasirika kwamba hukusema. Na nimekasirika zaidi kwamba niliuliza kwa mdomo tu, bila kukaa chini nikusikilize.

Sasa vitunguu. Udongo wa zamani tulipoushusha ulikuwa mweusi kwa masizi, nikaona ni mbolea hiyo. Nikamwambia jirani yetu Mama Ester auchukue wote, naye akaumwaga kwenye bustani yake na kupanda. Mimi nikachimba udongo mpya, mwekundu, nikauchekecha kama unga. Ndipo nikamwita babu Tluway, maana ndiye peke yake aliyebaki anayejua kazi ya tembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Udongo wa mama yako uko wapi?"

"Niliutoa, babu. Nimechimba huu, mzuri."

Akachota kiganja, akanusa, akaumwaga chini. "Huu haujui mvua," akasema. "Udongo wa paa hautupwi, binti yangu. Unashushwa, unalala pembeni, unarudi palepale. Mama yako aliukanyaga maisha yake yote. Wewe una miaka mingapi ya kuukanyaga huu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikwenda kwa Mama Ester, nikasalimia, nikaulizia watoto, nikaulizia ng'ombe, mwishowe nikasema nimekuja kuomba udongo.

"Vitunguu vyangu vimo humo," akasema.

"Najua."

Akaniangalia. "Mbegu ya kwanza alinipa mama yako," akasema, akaingia ndani kuchukua jembe lake.

Nilipika pombe ya mtama, na watu wakaja, hao hao wenye nyumba za bati. Siku mbili tulikwangua bustani ile na kupandisha udongo kwa madebe, babu Tluway akiwa juu anatukemea kama watoto wa shule. Daniel naye alikuja, akabeba madebe. Punje za vitunguu tuliokota tulizoziona. Tusizoziona zilipanda juu pamoja na udongo wako, na mvua ya kwanza tu zikachipua mistari miwili, imenyooka kabisa kama iliyopandwa kwa mkono. Wapita njia wanasimama kutazama. Mama Ester anasema atavuna, nisithubutu kuvikanyaga.

Juzi alikuja Neema wangu, mjukuu wako, kutoka Babati. Siku hizi ndiko mkoani, hatuendi tena Arusha kwa kila karatasi. Tulikuwa ndani tunakunywa chai, mvua ikanyesha, na tone likaanza, karibu na mafiga, palepale pako. Boriti mpya, fito mpya, tone ni lile lile. Nikainuka, nikachukua sufuria yako, nikaiweka chini yake. Kisha nikajisikia nasema, "Paa hili litanizika."

Neema akaweka kikombe chini. "Basi weka bati, mama. Si yapo chini ya kitanda?"

"Usiyaguse," nikasema, kabla sijafikiri.

"Kwa nini?"

Niliingoja ile sababu. Nilikuwa na hakika kwamba sasa, kwa kuwa neno limetoka kinywani mwangu, sababu nayo itafuata, nami nitakuelewa. Mtoto ananitazama, tone linagonga sufuria, na mimi nangoja.

"Tukishavuna," nikamwambia.

Leo mvua imekatika. Naweka kalamu chini, nipande juu nikakanyage nyufa. Vitunguu nitavikwepa. Pumzika, mama.

Ni mimi, mwanao wa kwanza, niliyekuwa nyuma yako na bati kichwani.