Rudrama wa Lameck

Anna, nimeumbuka mbele ya darasa zima!

Unamkumbuka yule Rudrama aliyejaa kwenye daftari la mume wangu? "Rudrama jasiri, Rudrama hana mfano." Mimi Lameck hajawahi kuniandikia hata kadi!

Leo nimefunga genge langu la mboga Majengo, nikamfuata hukohuko chuoni anakosoma. Namkuta kasimama mbele anamsifia bila haya. Nikapaza sauti: "Huyo mwanamke anakaa wapi? Mkonze?"

Mwalimu wao akanijibu taratibu: "Mama, huyo alitawala ufalme wa Kakatiya, kusini mwa India. Alikufa zaidi ya miaka mia saba iliyopita."

Miaka mia saba, Anna! Walivyocheka!

Lakini macho ya Lameck akimtaja niliyaona, shoga. Sasa marehemu anafumaniwaje?