Kiti Ulichokitoa Kanisani

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na kahawa mmeshaanika? Mimi nipo, nakula, napumua. Huku Ulaya theluji imefunika kila kitu, na chakula cha hospitali hakina chumvi wala pilipili.

Mama, dada Odilia ameniambia kwenye simu ulichofanya Jumapili. Eti ulipeleka kiti changu cha magurudumu nilichokiacha nyumbani mbele ya altare kama shukrani, kwa kuwa mwanao amepona, na padre akampa Mzee Gaspari. Eti Mugoma nzima ilipiga vigelegele. Nililia, Mama, na si kwa furaha.

Kosa ni langu. Ile video niliyowatumia ya miguu yangu ikitembea, mimi ndiye niliyemwambia nesi apige miguu tu. Huku juu nilikuwa nimening'inizwa kwa mikanda kutoka darini kama mkungu wa ndizi, na watu wawili wamenishika kiuno. Nilitaka ufurahi. Mjinga mimi!

Ukweli ndio huu. Walinipasua mgongo, wakaweka kidude kinachopeleka umeme kidogo kwenye mishipa ya fahamu. Kikiwashwa, miguu hii iliyokufa tangu nilipoanguka kwenye lori pale Nyakahura inasogea. Siku goti liliponyanyuka nilikuita kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Lakini ni hatua kumi na moja, tena ndani ya mikanda, basi. Kikizimwa, puu! Juzi daktari kaniambia majaribio yamekwisha. Wenzangu kimewafaa zaidi. Mimi niliumia mno. Nikamuuliza, "Nikirudi nacho kikaharibika, nani atakitengeneza?" Akasema kwetu hakuna fundi wake, ni bora kitolewe. Wiki ijayo wanakitoa, kisha narudi nyumbani.

Kiti usimdai Mzee Gaspari, ingawa ninachotumia huku ni cha hospitali na nitakiacha. Unajua miaka aliyojikokota kwa makalio mpaka kanisani. Nikimnyang'anya nitamtazamaje? Kutambaa nitatambaa, mikono ninayo. Naogopa, lakini nitatambaa. Ila waambie watu ukweli kabla sijafika, uanze na padre, wasije wakanisubiri barabarani na ngoma.

Nisalimie dada Odilia, mwambie simlaumu. Baba mdogo naye umsalimie, na mkewe anayeniombea rozari, asichoke.

Nawe Mama, siku hiyo usisimame mlangoni kunipokea. Kaa chini mkekani, nikikufikia tuwe sawa.

Mwanao,
Deogratias