Mabomba ya Jirani Yamepona

Verlyn,

Usifungue koki yoyote! Maji ya nyumba nzima nimeyafunga. Bomba letu la kumwagilia nyasi liliganda kwa baridi usiku, asubuhi likapasuka, na kwenye chumba cha chini ya nyumba mabuti yako ya kuwindia yanaelea.

Wiki nzima umezunguka mtaani na kompresa ya hewa, unapuliza maji yatoke kwenye mabomba ya watu kabla baridi haijayapasua. Ya kwetu je? "Kesho, mpenzi." Kesho gani hiyo?

Chota maji, upige deki. ~~Supu iko jikoni.~~ Supu nimempa mbwa.

Nimekwenda kuoga kwa jirani yetu Lorraine. Kwake maji yapo, maana ulimpulizia mabomba vizuri mno, mpaka akakuokea keki.

Mimi mkeo, ambaye kwa bahati mbaya si jirani yako,
Marlys