Udongo Ulioubeba Kutoka Rukwa

Mpendwa mpwa wangu Rehema,

Ningekupigia simu, maana siku hizi hapa Tunduma hata muuza karanga anayo. Lakini kwenye simu mdomo wangu hunikimbia. Kwenye karatasi naenda polepole. Unajua darasa la nne nililisoma miaka miwili, kwa jinsi mwalimu alivyonipenda.

Umeniambia mwezi wa saba unakuja na binti yako, umwonyeshe alikozaliwa bibi yake. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula, na mimi kushindwa kula ni habari kubwa. Halafu nikaikumbuka ile siku yetu ya baiskeli, furaha ikapungua kidogo.

Mama yako, dada yangu, alikuwa ametutoka mwaka mmoja kabla. Ukaja kutoka Dodoma, umekonda, ukasema, "Mjomba, nataka kuona kijiji cha mama, kule ziwani." Nikakujibu, "Ufukwe wa Rukwa? Hata unifunge kitambaa machoni nakufikisha!" Sikukwambia kwamba nilihama kule nikiwa na miaka saba. Tukapandisha baiskeli mbili juu ya lori, tukapita Msangano, tukashuka bondeni, tukalala kwa watu. Asubuhi tukaanza kukanyaga taratibu, maji upande mmoja, mbuga upande mwingine.

Siku tamu ile, mwanangu! Mchanga mgumu, upepo unatusukuma mgongoni, samaki wameanikwa kwenye vichanja, ndege mwari wakubwa wanaelea bila kujali mtu. Nikakusimulia jinsi nilivyopakia magunia mawili ya kahawa, beberu na mwalimu mkuu kwenye baiskeli ile ile, kutoka Itaka mpaka Mbozi Misheni. Ukauliza, "Mwalimu mkuu alikaa wapi?" Nikasema, "Kwenye usukani, kamshika beberu pembe." Ulicheka mpaka ukaingia kwenye nyasi na baiskeli yako. Tangu msiba sikuwa nimekusikia ukicheka.

Lakini moyoni nilikuwa natafuta mkwaju. Uani kwetu palikuwa na mkwaju mkubwa, mama yako alikuwa akinipandisha juu kisha ananikimbia. Nilijua nikiuona tu, nimefika. Tumekwenda, tumekwenda, mkwaju hakuna.

Pancha yako ndiyo iliyoniokoa. Ukakaa kuziba (mimi nilikuwa nasimamia kazi), nikamrudia yule mama mfugaji aliyetuuzia maziwa mgando.

"Mama, kijiji cha zamani cha wavuvi kiko wapi?"

Akacheka. "Wewe baba, umepotea miaka mingapi? Ziwa si lilipanda! Unaiona ile miti mikavu imesimama majini? Ndiyo kijiji chenu. Ule wa mbele, mnene, ni mkwaju."

"Na watu?"

"Walihama. Waliobaki ni viboko, kawaulize wao."

Rukwa ndivyo lilivyo. Miaka mingine linarudi nyuma mpaka watu wanalima ndani yake, miaka mingine linarudi kuchukua mashamba yake. Mtoto wa ziwa nilipaswa kulijua hilo kabla ya kukutoa Dodoma.

Nikarudi kwako. Ukainua uso, una gundi ya viraka kwenye vidole, macho yako yananingoja. Nikaona nikisema kijiji kimezama, nitakuwa namzika mama yako mara ya pili. Nikakupeleka kwenye mwinuko mtupu pale jirani, nikasema, "Hapa ndipo." Ukavua viatu. Ukapiga magoti. Ukafunga udongo kwenye pindo la kanga, ukaupandie mlimao wa kumkumbuka mama huko Dodoma.

Rehema, pale palikuwa zizi la zamani la yule mama mfugaji.

Kila ukipiga simu unaniambia, "Mjomba, mlimao wa mama umezaa tena, majirani hawaamini!" Mimi naamini, mwanangu. Ule si udongo, ni samadi.

Unikasirikie, nastahili. Uongo wa kiboko niliyemshinda mbio kisha nikamsubiri mbele, huo ni wangu, nitazikwa nao. Lakini huu nisingeweza kumrithisha mtoto, apige magoti kwenye zizi la watu huku mimi nimesimama nyuma yake na kofia mkononi.

Sasa nikukumbushe kitu, na hiki sikukiongezea hata chembe. Ulipomaliza kufunga ule udongo ulishuka kunawa mikono, ukazidi kuingia, maji yakafika magotini. Nikapiga kelele ufukwe mzima, "Toka humo, kuna mamba!" Wewe ukaufikia mti mkavu wa kwanza, ule mnene, ukauegemea kwa kiganja. Ukanijibu bila kugeuka, "Ngoja kidogo, Mjomba. Maji yana joto zuri."

Ulikuwa umesimama uani kwa mama yako. Mimi mjuaji nilikupeleka zizini, wewe ukafika mwenyewe.

Njooni. Baiskeli nimeitia tairi mpya, mjukuu atakaa mbele yangu. Nitamwonyesha mkwaju kwa kidole tukiwa nchi kavu, maana mamba nao si hadithi. Na mlimao usiukate, haujamkosea mtu.

Mpaka nikuone ukishuka kwenye gari, nabaki

Mjomba wako, mdogo wake mama yako
Tunduma