Pini Kumi na Tisa Kwenye Mwamba Mfu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana usingizi umeniruka na chakula hakishuki, mimi ni mpiga mbizi wa hapa kisiwani Jeju, Korea, nina miaka sitini na saba, tangu nina kumi na tano nashuka baharini kwa pumzi yangu mwenyewe kuokota konokono na mwani, ila siku hizi maji yana joto, samaki wa rangirangi wa nchi za kusini wamehamia kwetu, mwani unakufa na miamba inabaki myeupe.

Basi chama chetu kikamleta Mwalimu Han wa chuo kikuu, mama mpole, akatandaza ramani pale tunapoota moto, akasema, "Mama zangu, bahari hairudi ilivyokuwa, tupange mapema: palipobaki mwani tupafunge miaka mitano pawe kitalu cha mbegu, palipokufa ndipo umwagwe ukuta wa mawe wa kuzuia mawimbi. Kila mmoja achomeke pini anapojua mwani bado upo." Mshauri, mwamba wa mtu hausemwi, wangu nilionyeshwa na mama siku alipoacha kuzamia, hata marehemu mume wangu hakuujua, basi nikachomeka pini kwenye mwamba wa gati la zamani, ambako kwa miaka sita hakuna hata jani, nikajiona mjanja. Kumbe wenzangu kumi na wanane nao wajanja, kila pini ikaenda palepale! Mwalimu Han akatoa machozi ya furaha, "Jamani, mna msitu mzima!" na sisi tukautazama moto.

Alhamisi tunapiga kura tufunge gati lisilo na kitu, na mawe yamwagwe mashariki, kusiko na pini hata moja, juu ya mwamba wangu wenye mwani uliosimama. Mkaza mwana wangu Hye-rim ameanza kuzamia mwaka jana, juzi akaniuliza, "Mama, gatini nimezama mara tatu sijaona kitu, kweli kuna mwani?" nikamjibu, "Huna macho wewe," na roho inaniuma. Nikisema kweli, mkuu wetu Mal-sun, tuliyeshindana naye miaka arobaini, atanisimanga hadi kaburini, na mwamba utafungwa, nisiposema, utafukiwa. Nifanyeje?

Mwenye Mwamba

Mama Mwenye Mwamba,

Majina nimeyabadilisha, mtajuana wenyewe. Na nimecheka, unisamehe. Wanawake kumi na tisa wanaoijua bahari kuliko jiko, wote kwa pamoja wanahifadhi jangwa!

Pole lakini. Siri ya mwamba ni adabu ya kwenu na siidharau. Iliwaepusha na ugomvi bahari ilipokuwa imeshiba. Sasa bahari ina njaa, mama, na mficha uchi hazai. Ila hilo la kumwambia Hye-rim hana macho, hapo umekosea vibaya. Mtoto wa watu ameona sawasawa, ukamfanya kipofu ili wewe ubaki mjanja. Ona aibu kidogo!

Haya, sikiliza. Kesho maji yakipwa mchukue Hye-rim, mzamie mpaka kwenye mwamba, na mkitoa vichwa juu mwombe radhi hapohapo. Keshokutwa, Alhamisi yenyewe, moto ukiwaka na kabla hamjavaa nguo za kuzamia, nyanyuka, chomoa pini yako uichomeke mashariki. Sema, "Nilidanganya." Basi. Usiongeze "kama wenzangu", wala usimtupie Mal-sun jicho. Akikusimanga, mwache amalize, mna mazoezi ya miaka arobaini. Kisha dai kura iahirishwe mpaka kila mmoja wenu aonyeshe mwani wenyewe, si pini. Na ramani ipitiwe upya kila mwaka, na nyinyi wapiga mbizi ndio mlinde kitalu kwa zamu, maana joto hili halitawangoja mjipange.

Miaka mitano ni mingi kwa mtu wa sitini na saba, sitakudanganya. Huenda usiuvune tena mwamba wa mama yako. Inauma, na una haki ya kulia. Lakini Hye-rim atauvuna.

Na usihofu kusimama peke yako. Wiki hii nimepokea barua saba kutoka kijijini kwenu, zote zinaulizia pini, na moja imeandikwa na mtu aliyezoea kuamrisha. Nimechapisha yako kwa sababu ndiyo pekee yenye mwandiko unaosomeka.